Kioo si Kabati

Tangazo niliandika mimi, Jumatatu, Gdynia,
barafu imeshika pembe za dirisha,
mabasi ya umeme yakikwaruza nyaya zake huko chini:
"Wafanyakazi wote. Wingu la kampuni limejaa.
Ondoeni vilivyo vyenu kabla ya Ijumaa."
Nililipenda kwa ufupi wake.

Bogna Wilczek, mkaguzi wa uchomeleaji, ni mtu wa kutii.
Akafungua, akaona humo,
katikati ya michoro ya matumbo ya meli
na picha za eksirei za mishono ya chuma,
kabrasha moja: Baba.
Hakujua limefikaje.

Mimi najua. Machi, mwaka juzi,
laptopu ilimuuliza swali refu kama mkataba wa nyumba,
mwisho wake kitufe kimoja cha buluu: Sawa.
Mkono mmoja ulikuwa na kikombe. Wa pili ukabonyeza.
Tangu siku hiyo kila alichoweka kwenye skrini yake
kilipanda juu usiku kwa jina la kampuni.

Akajisemea: la juu ni lao, la huku chini ni langu.
Akafuta la juu.
La chini likaenda nalo,
bila kishindo, bila hata kuuliza.

Alikuja kwangu siku ya ishirini na sita.
Aibu ndiyo iliyomchelewesha.
Pipa la taka, nikamwambia, hutunza siku thelathini;
keti, Bi Bogna, vua koti.
Nina ubeti wangu wa kuwapa wageni wa kazi,
nikampa na yeye, ingawa ana miaka kumi na tisa hapa:

*Kioo siyo kabati, hakiweki kitu ndani,*
*Huonyesha kila hati, iliyo mbele mezani,*
*Ukiondoa kwa dhati, hutoka na kiooni,*
*Weka nakala ya tatu, mbali na hiki kioo.*

Hakucheka.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na daftari lenyewe likipotea?
Kurasa sitini na mbili, mwandiko wa Ignacy Wilczek,
bustani ya kukodi, kiwanja namba 114.
La karatasi lilishaozea kwenye ghala la chini ya jengo.

Kanuni inasema: rudisha, usisome.
Nilifungua ukurasa mmoja, kuhakikisha si mali ya kampuni.
"12 Mei 1987. Jalidi. Maua ya plamu yameungua yote.
Stefania amelia. Si kwa sababu ya plamu."
Nikafunga.
Bogna alikuwa akitazama viatu vyake.

Tulipokwenda kutenganisha akaunti, tukakuta na upande wa pili:
kwenye wingu lake la nyumbani, michoro mitatu ya mteja,
yenye mhuri wa siri,
imeteremka hadi kwenye tableti ya bintiye, Jagna, miaka saba.
Mbavu za meli amezipaka rangi ya machungwa.
Amechora jicho. Amechora mkia.
Ilinipasa kuripoti.
Nilifuta nyangumi huyo mara mbili, juu na kwenye pipa,
na kwenye kitabu cha kazi nikaandika: limetatuliwa.

Sasa ana mawingu mawili, nywila mbili,
na diski ndogo ndani ya kopo la chai kwa dada yake, Elbląg.
Kila baada ya wiki chache laptopu humuuliza tena,
kwa adabu, kama posa:
je, tukutunzie makabrasha yako?
Huweka kikombe chini. Husoma hadi nukta ya mwisho.
Hubonyeza Hapana.

Nami usiku ule nilifika kwangu,
nikavua viatu, nikafungua mashine yangu mwenyewe,
nikatazama picha zangu, barua zangu,
sauti ya mtu ambaye sijamsikiliza tangu kiangazi,
zinapanda kwa jina la nani.

La kampuni.
Machi, mwaka juzi. Sawa.